Namna ya kupima ufaafu wa kibiolojia: mwongozo kamili, kuanzia damu ya Musoma hadi chupa ya bakteria

Mtaani ukisikia fulani yuko fiti, unaelewa kwamba ana afya, ana pumzi, hachoki upesi. Katika elimu ya mageuko ya viumbe neno hilo limepewa kazi nyingine kabisa, na wanafunzi wengi hukwama hapo tangu siku ya kwanza. Mchukue baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Anabeba mzigo unaomshinda punda, anavumilia njia mbaya kuliko farasi, na huishi miaka mingi. Lakini ni tasa. Ufaafu wake ni sifuri.

Katika mwongozo huu tutatumia neno ufaafu, fiti tuiachie uwanja wa mazoezi. Lengo ni moja: ukimaliza kusoma uweze kuchukua idadi ulizozihesabu mwenyewe, au zilizochapishwa na wengine, ukokotoe ufaafu na ujue namba uliyoipata inasema nini. Ufaafu hauonekani kwa kumtazama kiumbe usoni. Unatokana na kuhesabu.

Maana inayokokotoleka

Ufaafu wa jenotaipu, yaani mchanganyiko wa jeni ambazo kiumbe amerithi, ni kiasi ambacho walio nayo huchangia katika kizazi kinachofuata, wakilinganishwa na wenzao wenye jenotaipu nyingine, katika jamii hiyohiyo, mahali hapohapo na wakati huohuo.

Kila kipande cha sentensi hiyo kina uzito. Tunasema "walio nayo" kwa wingi kwa sababu ufaafu ni wastani. Swala mwenye jeni nzuri kuliko wote anaweza kupigwa na radi kabla hajazaa, na hilo halishushi ufaafu wa jenotaipu yake. Tunasema "wakilinganishwa" kwa sababu namba yenye maana ni ya uwiano: kumlinganisha inzi na baghala hakuna faida, kwani hawashindani ndani ya jamii moja ya uzazi. Na mahali na wakati lazima vitajwe, maana jenotaipu ileile inaweza kuwa bora kandokando ya ziwa penye mbu na ikawa mzigo mlimani penye baridi.

Msemo kwamba anayefaa zaidi ndiye anayebaki ulitungwa na Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akauingiza katika toleo la tano la kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1869. Umepotosha wengi, kwa sababu unataja kubaki hai tu na kuacha kuzaa. Hesabu yenyewe ilijengwa baadaye, hasa na J. B. S. Haldane kuanzia mwaka 1924, pamoja na Ronald Fisher na Sewall Wright.

Hatua ya kwanza: andika mambo manne kabla ya kuhesabu

La kwanza, jenotaipu zipi zinalinganishwa. La pili, unaanzia hatua gani ya maisha na kuishia wapi. La tatu, mahali na kipindi. La nne, kipimo cha muda: kwa kizazi, kwa mwaka au kwa siku. Ukikosa hata moja kati ya haya, namba utakayopata haitaweza kulinganishwa na namba ya mtu mwingine yeyote.

Jambo la pili ndilo linaloharibu kazi nyingi. Duara kamili huanzia yai lililorutubishwa na kuishia yai lililorutubishwa la kizazi kinachofuata. Ndani yake mna vipande: kuishi hadi umri wa kuzaa, kupata mwenzi, na idadi ya watoto. Vipande hivi huzidishwa, havijumlishwi. Aina moja ikifikisha 80% ya watoto wake utu uzima na kila mmoja akazaa 5, ufaafu wake halisi ni 0.8 × 5 = 4. Nyingine ikifikisha 50% tu lakini kila mmoja akazaa 9, ni 4.5, nayo ndiyo itakayoongezeka. Ukipima uhai peke yake utatangaza mshindi asiye mshindi.

Kosa linalofanana na hilo ni kuhesabu kutoka mzazi mzima hadi watoto wake wakiwa tayari wakubwa. Hapo umechanganya uzazi wa mzazi na uhai wa mtoto, na mtoto huyo ana jenotaipu yake mwenyewe, pengine tofauti na ya mzazi. Hesabu ya uteuzi, yaani ya kuongezeka au kupungua kwa jenotaipu kutokana na ufaafu wake, inakuwa imemdai mtu deni la mwingine.

Hatua ya pili: kokotoa kwa idadi za kweli

Hakuna mfano bora kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuliko selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Badiliko ni dogo mno: katika jeni ya beta-globini, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, asidi amino ya sita ya protini hubadilika kutoka asidi ya glutamiki kuwa valini. Kila toleo la jeni huitwa aleli: la kawaida ni A, lililobadilika ni S. Mwenye aleli mbili za kawaida tunamwandika AA, mbebaji mwenye moja ya kila aina ni AS, na mgonjwa wa selimundu aliyerithi S kutoka kwa wazazi wote wawili ni SS.

Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alianza kupima damu za watu wa ukanda huu mwaka 1949. Aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi, zaidi ya 20%, pwani na karibu na Ziwa Viktoria, ilhali kwenye nyanda za juu walikuwa chini ya 1%. Mwaka 1954 alitoa hoja kwamba malaria ndiyo inayoitunza aleli S. Mwaka 1956 akachapisha idadi hizi za Musoma, wakati huo Tanganyika:

Watoto wachanga: AA 189, AS 89, SS 9. Jumla 287.
Watu wazima: AA 400, AS 249, SS 5. Jumla 654.

Fanya hivi.

1. Gawa kila idadi kwa jumla ya kundi lake. Watoto: AA 0.6585, AS 0.3101, SS 0.0314. Wazima: AA 0.6116, AS 0.3807, SS 0.0076.

2. Kwa kila jenotaipu, gawa sehemu ya wazima kwa sehemu ya watoto. AA: 0.929. AS: 1.228. SS: 0.244.

3. Gawa namba zote tatu kwa ile iliyo kubwa kuliko zote, yaani 1.228. Unapata ufaafu linganishi, ambao kwa desturi huandikwa w. AA: 0.756. AS: 1. SS: 0.199.

4. Toa kila w kutoka 1 upate mgawo wa uteuzi. Dhidi ya AA, s = 0.244. Dhidi ya SS, t = 0.801.

Acha desimali zote kwenye kikokotoo hadi mwisho, ndipo ufupishe. Ukifupisha mapema, SS ndiyo itakayoyumba, kwa sababu imetokana na watu wachache.

Njia ya mkato ipo. Kwa AA, zidisha 400 kwa 89, kisha ugawe kwa zao la 189 na 249: jibu ni 0.756. Kwa SS, 5 × 89 gawa kwa 9 × 249: jibu ni 0.199. Majumla ya makundi yanakatana yenyewe. Njia hii itakufaa tena kwenye hatua ya nne.

Sasa tahadhari. Ile 1.228 ya AS haina maana kwamba wabebaji walifika utu uzima kwa 123%. Watoto waliopimwa na wazima waliopimwa ni watu tofauti, hakuna aliyefuatiliwa kutoka utotoni. Kwa hiyo hatujui ni wangapi hasa waliofariki. Tunachojua ni kwamba katika safari ya kutoka kundi la kwanza hadi la pili, sehemu ya wabebaji ilipanda na za wengine zikashuka. Hii ndiyo maana ya ufaafu kuwa linganishi. Vilevile, tumepima uhai peke yake. Uzazi wa wazima haumo.

Hatua ya tatu: jiridhishe kwamba ni uteuzi

Kabla ya kusema uteuzi asilia umefanya kazi, angalia kama watoto walianza katika hali inayotarajiwa pale watu wanapooana bila kuchagua jenotaipu. Tafuta kiwango cha aleli S kwa watoto: kila AS ana moja, kila SS ana mbili, kwa hiyo 89 + 18 = 107, gawa kwa aleli zote 574, jibu 0.1864. Kiwango cha A ni 0.8136. Kanuni ya Hardy na Weinberg inatabiri AA = 0.8136², AS = 2 × 0.8136 × 0.1864, SS = 0.1864². Zidisha kila moja kwa 287: unapata AA 190, AS 87, SS 10. Waliohesabiwa ni 189, 89 na 9. Zinalingana vizuri sana.

Rudia kwa wazima. Kiwango cha S ni 259 gawa kwa 1,308, yaani 0.1980. Utabiri ni AA 421, AS 208, SS 26, lakini waliokutwa ni 400, 249 na 5. Wabebaji wamezidi utabiri kwa watu 41, na wagonjwa wamepungua hadi moja ya tano. Kilichobadilika kati ya utoto na utu uzima kina jenotaipu ndani yake.

Bado hujamaliza. Wahamiaji wanaweza kuleta pengo kama hilo: wazima wakitoka sehemu nyingine yenye kiwango tofauti cha S, hesabu itayumba bila mtu kufa. Kwa hiyo tafuta chanzo kwa ushahidi unaojitegemea. Hapa ndipo unapojibu lawama ya zamani kwamba ufaafu ni mzunguko wa maneno: anayefaa ni nani? Aliyebaki. Kabaki nani? Anayefaa. Ushahidi wa nje ndio unaoukata mzunguko huo. Allison alipima watoto 290 nchini Uganda. Kati ya wabebaji 43, waliokuwa na vimelea vya malaria ni 12, sawa na 28%. Kati ya wasio wabebaji 247, walikuwa 113, sawa na 46%. Miaka mingi baadaye utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba hali ya AS hupunguza malaria kali kwa karibu 90%. Namba ya ufaafu imepata mwili: AA wanapungua kwa sababu malaria inawaua, SS wanapungua kwa sababu ya ugonjwa wenyewe wa selimundu.

Hatua ya nne: kadiria kosa

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule hunyamaza, na ndipo sisi tunapotaka ukae zaidi. Wagonjwa 9 na 5 ni wachache mno. Kadiria hivi: chukua idadi nne ulizotumia kwenye njia ya mkato, gawa 1 kwa kila moja, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Kwa SS: 1/5 + 1/9 + 1/249 + 1/89 = 0.326, na kipeuo chake cha pili ni 0.571. Zidisha kwa 1.96 upate 1.12. Chukua e (msingi wa logi asilia, karibu 2.718) kwa kipeo 1.12, yaani 3.06. Sasa gawa na kuzidisha: 0.199 ÷ 3.06 = 0.065, na 0.199 × 3.06 = 0.61. Ufaafu wa SS Musoma, kwa uhakika wa 95%, uko mahali fulani kati ya 0.065 na 0.61. Ni upana mkubwa.

Kwa AA hesabu hiyohiyo inatoa kati ya 0.56 na 1.02. Tazama mwisho wa juu: umepita 1. Kwa takwimu za Musoma peke yake, kwa kipimo hicho cha ukali, huwezi kuapa kwamba AA walikuwa na hasara yoyote. Tunaamini hasara hiyo kwa sababu ya Uganda, Kilifi, na ramani nzima ya malaria na selimundu. Mtu anayenukuu 0.756 kana kwamba ni uzito uliopimwa kwenye mizani ya dhahabu anajidanganya na kumdanganya msomaji wake.

Hatua ya tano: itumie namba kutabiri

Ufaafu wa wabebaji ukizidi wa AA na wa SS, uteuzi hauiondoi S wala A. Unazisukuma hadi kwenye msawazo, na kiwango cha S katika msawazo ni s ÷ (s + t). Kwa Musoma: 0.244 ÷ 1.045 = 0.23. Watoto walikuwa na 0.186, chini kidogo ya hapo.

Wastani wa ufaafu wa jamii ukiwa kwenye msawazo ni 1 − (s × t) ÷ (s + t), yaani karibu 0.81. Kwa maneno ya kawaida, ikilinganishwa na jamii ya kufikirika ambayo kila mtu ni AS, karibu moja ya tano hupotea kila kizazi, wengine kwa malaria na wengine kwa selimundu. Jamii hiyo ya kufikirika haiwezi kuwapo, kwa sababu AS wawili wakizaa, kwa wastani robo ya watoto wao ni SS na robo ni AA. Uteuzi hauna namna ya kuwapa wote kilicho bora.

Malaria ikiondoka, s inakuwa sifuri, msawazo unahama hadi sifuri, na S inaanza kushuka. Inashuka polepole, maana sehemu kubwa ya aleli S imejificha ndani ya wabebaji ambao hawana hasara yoyote.

Ukiwa na idadi za miaka mingi: kimelea cha malaria

Si mara zote utapata watoto na wazima. Mara nyingi unapata kiwango cha aleli moja katika miaka miwili tofauti. Kimelea cha malaria kikiwa katika damu ya binadamu kina nakala moja tu ya kila jeni, hivyo hesabu inarahisika: hakuna wabebaji.

Malawi iliacha kutumia klorokwini, dawa ya malaria, mwaka 1993. Aleli sugu ya jeni iitwayo pfcrt ilikuwa 85% mwaka 1992, na ilipofika mwaka 2000 ilikuwa 13%. Kokotoa hivi. Gawa sugu kwa wasio sugu kila mwaka: 0.85 ÷ 0.15 = 5.67, na 0.13 ÷ 0.87 = 0.149. Tafuta logi asilia ya kila moja: 1.735 na −1.901. Tofauti ni −3.636. Gawa kwa miaka 8: −0.4545 kwa mwaka. Chukua e kwa kipeo hicho: 0.635. Kila mwaka uwiano wa sugu kwa wasio sugu ulibaki karibu 63% ya ule wa mwaka uliotangulia. Ukianza kuhesabu mwaka 1993, dawa ilipoachwa rasmi, miaka inakuwa 7 na jibu ni 0.595.

Kwa nini tusichukue tu 85 − 13 = 72, tukagawa kwa 8? Kwa sababu uteuzi hausogei kwa hatua sawa za asilimia. Ni wa kasi aleli ikiwa katikati na hutambaa ikiwa karibu na 0 au 100. Uwiano ukishawekwa kwenye logi, mstari unanyooka.

Na usiseme "kwa kizazi" kama hujui vizazi. Tuseme kimelea kinazunguka kutoka mtu hadi mbu hadi mtu mara 5 kwa mwaka: basi 0.4545 ÷ 5 = 0.091, na hasara ni karibu 9% kwa mzunguko. Ukidhani ni mara 2, hasara inakuwa 20%. Data ni ileile, dhana ndiyo imebadilika. Ndiyo maana tulisisitiza kipimo cha muda kwenye hatua ya kwanza.

Kwa upande wa tiba, matokeo yalikuwa makubwa. Jaribio la Blantyre lililochapishwa mwaka 2006 lilikuta klorokwini imeshindwa kwa mtoto 1 tu kati ya 80. Usugu uliokuwa faida mbele ya dawa uligeuka gharama dawa ilipoondoka.

Ukiwa na maabara: washindanishe

Bakteria hukupa nafasi ya kupima ufaafu moja kwa moja. Richard Lenski alianzisha makundi 12 ya E. coli tarehe 24 Februari 1988, na utaratibu wake wa mashindano ndio unaofuatwa na wengi.

1. Zalisha kila aina peke yake kwa siku moja katika mchuzi (kimiminika cha kuoteshea bakteria) uleule utakaotumika kwenye shindano: mililita 10, glukosi miligramu 25 kwa lita, nyuzijoto 37, chupa ikitikiswa. Ukiruka hatua hii, aina iliyotoka kwenye friza itaonekana dhaifu kwa sababu ya baridi na si ya jeni.

2. Changanya mililita 0.05 ya kila aina ndani ya mililita 9.9 za mchuzi mpya. Huo ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu uliozimuliwa mara 100.

3. Papo hapo chukua tone, lizimue, lipande kwenye sahani zenye tetrazoliamu (kemikali ya rangi) na arabinosi (aina ya sukari). Aina isiyokula arabinosi hutoa makoloni mekundu, inayokula hutoa meupe yenye uwaridi. Baada ya saa 24 panda tena.

4. Hesabu sahani zenye makoloni kati ya 30 na 300. Chini ya hapo bahati inatawala, juu ya hapo makoloni yanaungana na jicho linakosea.

5. Kwa kila aina tafuta logi asilia ya idadi ya mwisho gawa kwa idadi ya mwanzo, ukiwa umerudisha kiwango cha kuzimua. Gawa ya aina moja kwa ya nyingine.

Mfano wa hesabu: siku ya kwanza, kwa kuzimua mara 10,000, nyekundu 75 na nyeupe 80. Kesho yake, kwa kuzimua mara 1,000,000, nyekundu 105 na nyeupe 60. Nyekundu zimeongezeka mara 140, logi 4.94. Nyeupe mara 75, logi 4.32. Ufaafu linganishi wa nyekundu ni 4.94 ÷ 4.32 = 1.14.

Kabla ya yote hayo, shindanisha aina mbili zilizo sawa kwa kila kitu isipokuwa rangi. Usipopata 1, au karibu sana, rangi yenyewe ina gharama na kila namba utakayopata baadaye itakuwa na doa. Rudia kila shindano mara kadhaa. Na kama mshindi anamlemea mwenzake hadi makoloni ya aliyeshindwa hayafiki 30, anza na mchanganyiko wenye wengi wa yule dhaifu.

Angalia pia kwamba kipimo hiki, uwiano wa logi, si kile cha Musoma, ambacho ni uwiano wa sehemu. Usiviweke kwenye jedwali moja.

Umri wa kuzaa na miaka ya ukame

Mambo mawili hubadilisha jibu hata idadi ya watoto ikiwa sahihi.

La kwanza ni lini watoto wanazaliwa. Tuseme kuna aina mbili za fukusi ghalani. Ya kwanza huacha majike 4 kwa kila jike, ikiwa na umri wa siku 20. Ya pili huacha majike 6, lakini kwa siku 40. Kwa idadi ya watoto ya pili inashinda. Baada ya siku 120, hata hivyo, ya kwanza imepitia vizazi 6 na jike 1 limekuwa 4,096, ya pili imepitia vizazi 3 na kuwa 216. Katika jamii inayokua, kipimo sahihi ni logi asilia ya watoto gawa kwa muda wa kizazi: 0.069 kwa siku dhidi ya 0.045. Katika jamii isiyokua wala kupungua, faida hii ya kuwahi hutoweka, na idadi ya watoto inarudi kuwa kipimo kizuri.

La pili ni mabadiliko ya misimu. Mmea mmoja unazidisha mbegu mara 2 mwaka wa mvua na mara 0.4 mwaka wa ukame. Mwingine ni 1.3 na 0.9. Kwa wastani wa kawaida wa kwanza ana 1.2, wa pili 1.1. Lakini ufaafu wa miaka huzidishwa: 2 × 0.4 = 0.8, anapungua kila baada ya miaka miwili, na 1.3 × 0.9 = 1.17, anaongezeka. Tumia kipeuo cha pili cha zao, 0.89 na 1.08. Mimea ya nchi kavu inayoacha sehemu ya mbegu zake zikilala ardhini hata mvua ikinyesha imekubali mavuno madogo ya mwaka mzuri ili mwaka mbaya usiimalize.

Ndugu

W. D. Hamilton alionyesha mwaka 1964 kwamba jeni inaweza kuongezeka kwa kumfanya mwenye nayo amsaidie ndugu, ikiwa faida ya ndugu ikizidishwa kwa kiwango cha undugu (sehemu ya jeni wanazoshiriki kwa ukoo) inapita gharama ya msaidizi. Kosa la kawaida ni kumjumlishia msaidizi watoto wote wa ndugu zake. Hesabu wale tu ambao wasingekuwapo bila msaada wake, na kwa upande wa pili toa watoto wake mwenyewe waliotokana na msaada wa wengine. Usipofanya hivyo mtoto mmoja atahesabiwa mara tatu au nne katika ukoo mmoja.

Kurudia kazi ya Musoma leo

Ukitaka kuipima selimundu upya, usichukue watoto leo na wazima leo. Pima damu ya kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, kisha uwafuatilie watoto haohao. Ili ufaafu wa SS usipotoke zaidi ya mara 1.2 kwa juu au kwa chini, na ukichukulia kwamba nusu yao watafika umri unaoutaka, unahitaji watoto SS wapatao 116. Kwa kiwango cha S cha 0.186, SS ni karibu 3.5% ya wanaozaliwa, hivyo utapaswa kupima watoto wachanga wapatao 3,300. Andika wanaohama kando na wanaofariki, maana wote wawili hutoweka kwenye daftari kwa namna moja.

Na mtoto akishajulikana ni SS, anaanzishiwa penisilini, chanjo, kinga ya malaria, na baadaye haidroksiyurea. Namba utakayopata itakuwa ya ufaafu wa SS chini ya matibabu hayo, na itakuwa juu ya 0.2 kwa mbali. Iandike hivyo kwenye jedwali, pamoja na jina la wilaya, miaka ya ufuatiliaji na dawa walizopewa.